Mwezi ukiisha mnafunga mfumo pamoja na madeni ya watu: wauzaji wa mifumo ya mauzo Tanga, hii haki mmeitoa wapi?

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaouza mifumo ya mtandaoni ya kuandika mauzo, mzigo na madeni kwa wenye maduka hapa Tanga mjini, na huko Muheza na Korogwe mnakopita na vipeperushi. Sitaji jina la kampuni yoyote. Wengi mnafanya vilevile na mnajijua.

Lalamiko ni hili. Siku ya malipo ikipita, mnafunga kila kitu, kuuza na hata kuangalia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani anafungua asubuhi, anakuta ukurasa mweupe wenye maandishi mekundu: "Kifurushi chako kimeisha." Nyuma ya maandishi hayo kuna nondo za milimita 12 zilizobaki, misumari ya inchi 3 imebaki kilo ngapi, na fundi gani kachukua saruji mifuko 40 kwa mkopo akalipa nusu. Programu ni yenu, hilo halina ubishi. Hayo madeni ni ya nani? Mwenye duka akichelewa kodi ya fremu, mwenye nyumba anamdai kodi yake. Habebi daftari lake la madeni akaondoka nalo.

Nisieleweke kwamba nalilia zama za CD. Zamani fundi alikuja na CD, akasimika programu kwenye kompyuta ya kaunta, akalipwa mara moja, akaenda zake. Diski ikifa, mahesabu ya miaka miwili yamekufa nayo. Likigundulika kosa kwenye hesabu ya VAT, ilibidi fundi azunguke duka kwa duka na flashi. Na CD moja ilinakiliwa mtaa mzima, mtengenezaji akabaki hana kitu. Intaneti iliyatibu yote hayo: programu inakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya muuzaji, kosa linarekebishwa sehemu moja, maduka yote yanapata marekebisho usiku huohuo, na hakuna cha kunakili. Salesforce, kampuni ya Marekani ya programu za biashara, walianza hivyo mwaka 1999. Adobe, wenye Photoshop, mwezi Mei 2013 wakatangaza kwamba matoleo mapya yatakuwa ya kulipia kwa vipindi, ya kununua moja kwa moja basi. Dunia ya programu imehama kutoka kuuza kwenda kukodisha, na sababu iko wazi: hela inayoingia kila mwezi inakadirika, hela ya kuuza mara moja haikadiriki.

Ila mfumo huo wa biashara ulizaliwa mahali ambapo kadi ya benki inakatwa yenyewe na intaneti ya ofisini ni ya kutegemewa kama maji ya bomba. Nyie mmechukua upande wa faida, yaani malipo ya kila mwezi na ufunguo wa kufungia. Hasara za mtandao mkamwachia mwenye duka.

Tuanze na hiyo ofa yenu ya kuanzia, "miezi mitatu bure". Duka la kawaida la vifaa lina bidhaa kama 1,200 ukihesabu kila saizi ya bomba na kila rangi. Kuingiza jina, bei ya kununua, bei ya kuuza na idadi ni dakika moja kwa bidhaa ukienda haraka. Hizo ni saa 20 za kazi, na anayezifanya ni mwenye duka au kijana wake. Mwezi wa nne bei inapoanza kuhesabiwa, saa 20 ziko ndani ya seva yenu, na madeni ya wateja yamo humohumo. Hapo hata bei ikipanda mtu haondoki. Mmemruhusu aingie bure kwa sababu kutoka ndiko kwa gharama, na hilo hakuna wakala anayelitamka wakati wa kusajili. Wakala akilipwa kwa kichwa alichosajili, atalitamka ili iweje?

Hesabu ya mfano, kila mtu aweke namba zake. Kifurushi 30,000 kwa mwezi, mtumiaji wa pili 10,000. Jumla 40,000. Miaka mitatu ni 1,440,000. Leseni ya kununua mara moja kwa 600,000, pamoja na 100,000 za matengenezo kwa mwaka wa pili na wa tatu, ni 800,000. Mwezi wa 15 tu malipo ya kila mwezi yameshafika bei ya leseni. Sisemi tofauti hiyo ni wizi. Ndani yake kuna seva, kuna nakala za akiba, kuna mtu wa kupokea simu. Lakini anayelipa 640,000 zaidi ana haki ya kupata hivyo vitu kweli.

Na hapa ndipo panapoumiza zaidi: mtandao ukikata, mfumo unakufa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, intaneti iliyumba nchi nzima. Duka linalotegemea seva kwa kila bonyezo lilisimama, sukari iko kwenye rafu na mteja kashika noti mkononi. Hilo ni tukio kubwa. Dogo ni la kila wiki: umeme unakatika, kompyuta ndogo ina betri ila ruta imezimika, au bando limeisha saa moja jioni wakati foleni ndefu.

Tena dawa yake inajulikana. Mauzo yaandikwe kwanza ndani ya kifaa chenyewe: hifadhi ya SQLite kama ni programu ya simu au kompyuta, ya IndexedDB kama ni kivinjari. Kila mauzo yapewe namba ya kipekee palepale kwenye kifaa, yakae kwenye foleni, mtandao ukirudi yatumwe. Namba hiyo ndiyo roho ya kazi. Mtandao unaweza kukata wakati mauzo yameshafika kwenye seva lakini jibu halijarudi. Muuzaji anaona duara linazunguka, anabonyeza tena. Mfumo usio na namba hiyo unaandika mauzo mawili. Jioni droo inaonekana ina upungufu, na kijana wa kaunta anaitwa mwizi kwa kosa la mtengeneza programu!

Kosa la pili ni kutuma kilichobaki badala ya kilichotoka. Saruji ipo mifuko 50. Kaunta A inauza 3, inaiambia seva "imebaki 47". Kaunta B haina mtandao, inauza 5 kwa hesabu ya 50 ileile, baadaye inaiambia seva "imebaki 45". Wa mwisho ndiye anayesikilizwa, skrini inasoma 45. Stoo mifuko ni 42. Mngetuma "toa 3" na "toa 5", seva ingejumlisha yenyewe na jibu lingekuwa sahihi hata taarifa zikifika kesho. Haya si mambo ya ajabu. Odoo, watengenezaji wa mfumo wa biashara ambao toleo lao la jamii (Community) ni la bure na msimbo wake uko wazi, kaunta yao inafanya kazi ndani ya kivinjari, na ukishaifungua unaendelea kuuza mtandao ukikata, mradi usifunge ukurasa. Sasa mnaposema "mfumo ni wa mtandaoni, bila mtandao haiwezekani", mnamwambia nani?

Kutoka ndiyo mateso mengine. Mtu akiomba taarifa zake mnampa PDF. PDF ni ya kusoma na kuchapisha, huwezi kuipandisha kwenye mfumo mwingine bila kuandika upya mstari kwa mstari. Kinachotakiwa ni CSV, faili la jedwali ambalo Excel na mifumo mingine inalisoma, na si ya orodha ya bidhaa pekee. Ni mafaili manne: bidhaa na bei zake, mizunguko yote ya mzigo ulioingia na uliotoka yenye tarehe, wateja na salio la madeni, na mauzo yenye namba za risiti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu miaka mitano. Mkimfungia mwezi wa pili, akija afisa kukagua mwaka wa tatu mtakwenda nyie kujibu?

Na nyie wa ndani mnaotangaza bei kwa dola: acheni. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa na huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni. Wekeni shilingi.

Nasubiri majibu. Wenye mifumo njooni na hoja.

---

Mchangiaji #2

Mkuu, upande wa pili nao usikilizwe. Bila kufungia, mtu halipi. Ukimwachia aangalie tu, ataangalia madeni yake, atauza kwa daftari, mwezi ujao hivyohivyo. Na seva tunalipia kwa dola kila mwezi, duka lilipe lisilipe. Simu za usaidizi ndizo zinakula hela: mtu anapiga saa tatu usiku kwamba printa ya risiti haitoi, kumbe karatasi imewekwa kichwa chini, upande usiochapika. Hiyo 30,000 inamalizwa na simu tatu za namna hiyo. Suala la kufanya kazi bila mtandao nakubaliana nawe, ila linaongeza miezi ya kutengeneza na wateja hawaliulizii siku ya kusajili. Wanauliza bei tu.

---

Mwanzisha uzi

Mkuu #2, ahsante kwa kuja na hoja. Simu za usaidizi ni gharama ya kweli, na mngeziwekea bei yake peke yake wengi wangeelewa. Ila usitumie seva kama sababu ya kufungia watu wasisome. Piga hesabu: mauzo 300 kwa siku, kila moja bidhaa tano, ni mistari 1,500. Kwa mwaka 547,500. Kila mstari ukiupa baiti 200, jumla ni MB 110 hivi. Picha chache za harusi zinazidi hapo. Duka lisilolipa haliandiki kitu kipya, linasoma tu, tena mara chache. Kulihifadhi mwaka mzima hakukupi hasara ya kuonekana.

Fungeni kuuza, hiyo ni haki yenu. Acheni kusoma na kupakua CSV wazi kwa siku 90. Anayetaka kuendelea kuuza kwa mfumo atalipa, kwa kuwa kuuza kwa daftari kwenye duka la bidhaa 1,200 ni shida tosha. Mkimshika kwa madeni yake atawalipa akiwachukia, na siku akipata mlango atatoka na mtaa mzima.

Na kwamba wateja hawaulizii: hawaulizii kwa sababu hawajui kuna cha kuuliza.

---

Mchangiaji #3

Basi wajue. Mwenye duka, kabla hujaingiza bidhaa hata moja, jaribu haya mbele ya wakala:

Ingiza bidhaa tano tu. Uza moja. Kisha zima data na Wi-Fi, uza nyingine mbili. Zima kifaa kabisa, washa, bado bila mtandao. Yale mauzo mawili yapo? Kama hayapo, mfumo unayaweka kwenye kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika yameondoka. Washa mtandao, subiri dakika mbili, fungua kwenye simu nyingine uone yamefika na hayajajirudia.

Omba CSV palepale. Ifungue kwenye Excel. Ukikuta idadi iliyobaki tu bila tarehe za kuingia na kutoka, huna historia.

Kwenye kivinjari cha kompyuta bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao (Network), fungua upya ukurasa wa kuuzia mara mbili, usome jumla chini. Mara ya pili ikiwa bado inavuta MB 4 au 5, kila ukifungua unachoma bando. Programu iliyotengenezwa vizuri mara ya pili inavuta KB chache.

Anayetumia iPad au iPhone kwenye kaunta awe makini zaidi. Tangu 2020 Safari inafuta vilivyohifadhiwa na tovuti kama umetumia kivinjari siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo. Mauzo ambayo hayajatumwa yanaweza kwenda nayo. Weka mfumo kwenye skrini ya mwanzo ya kifaa, uufungulie hapo.

Na tafadhali, risiti ya mfumo si risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mfumo usiounganishwa na TRA hautoi risiti halali ya kodi hata ukichapa vizuri namna gani. Muulize wakala kama umeunganishwa, na akuchapie risiti moja yenye namba ya kuhakiki uijaribu kwenye tovuti ya TRA yeye akiwa bado amesimama hapo.

---

Mwanzisha uzi

#3 umemaliza. Naongeza moja kwenye mkataba, iandikwe kwa mkono kama haipo: "Mteja atapewa taarifa zake zote kwa CSV ndani ya siku 7 tangu aombe, awe analipa au ameacha kulipa, na bei haitapanda bila notisi ya siku 60." Wakala akikataa kusaini mstari huo, bidhaa zako 1,200 zibaki kwenye daftari lako kwanza.

Mchangiaji #2, kampuni yenu itausaini?