Kwa nini uondoaji wa klorini unakwama kwenye kloridi ya vinili?

Swali
Habari zenu, wataalamu. Tunasafisha maji ya chini ya ardhi yaliyochafuliwa na tetrakloroetheni, kile kiyeyushi cha kuondolea grisi kwenye vyuma. Tuliingiza laktati (chumvi ya asidi ya maziwa) visimani ili kuwalisha bakteria, oksijeni ikaisha, na tetrakloroetheni ikapungua sana. Sasa kloridi ya vinili inapanda huku etheni, gesi isiyo na klorini inayopaswa kubaki mwishoni, ikiwa haionekani kabisa, nami nina wasiwasi mkubwa kwa sababu kloridi ya vinili husababisha saratani. Je, tuongeze laktati?

Jibu la 1
Usiongeze kwanza. Bakteria wanaofanya kazi hii hupumua kichafuzi chenyewe mahali pa oksijeni, yaani hukipa elektroni na kung'oa atomu za klorini moja baada ya nyingine: kutoka nne hadi tatu, mbili, moja (kloridi ya vinili), kisha hakuna (etheni). Hatua mbili za mwanzo zinawezwa na wengi, wakiwamo Dehalobacter na Geobacter lovleyi, ambao huishia hapo. Kufika hadi etheni ni kazi ya wachache mno, hasa Dehalococcoides mccartyi, na hata ndani ya spishi hiyo aina hutofautiana. Aina ya 195, iliyoelezwa mwaka 1997, huifikia etheni, lakini hatua ya mwisho huenda polepole kwa kuwa haiipatii nishati ya kukua. Zenye jeni vcrA au bvcA ndizo zinazokua kwa kupumua kloridi ya vinili. Kwa hiyo peleka sampuli maabara wahesabu jeni hizo. Kujua tu kwamba Dehalococcoides wapo hakutoshi.

Jibu la 2
Naunga mkono, na ningependa laktati ieleweke vizuri, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Dehalococcoides hawali laktati. Bakteria wengine huichachusha, ikatoka hidrojeni, ambayo ndiyo chanzo pekee cha elektroni kwa Dehalococcoides, pamoja na asetati wanayoijengea miili yao. Vitamini B12, ambayo vimeng'enya vyao haviwezi kufanya kazi bila hiyo, nayo huipata kwa majirani. Ukizidisha laktati, vijidudu vinavyotoa methani vitagombania hidrojeni hiyo. Isitoshe, kila klorini inayong'oka huacha asidi, na uchachushaji huongeza nyingine. pH, yaani kipimo cha asidi, ikoje?

Muulizaji
Nashukuru sana. Visima viwili vina pH ya 5.6, na jeni hazijapimwa.

Jibu la 2
Basi anzeni na pH, kwa sababu chini ya 6 bakteria hawa hudhoofika mno hata wakiwa na jeni zote. Ingizeni bikaboneti ya sodiamu mpaka mkaribie 7, kisha mpime vcrA na bvcA. Zikikosekana, leteni bakteria waliokuzwa tayari, na maji ya kuwaingizia yaondolewe oksijeni kabla hawajagusana nayo, kwani oksijeni huwaua.