Mtoto ana wiki saba, kliniki wanampima yeye tu, mimi naanzia wapi?

Mama Kichanga:
Jamani nisaidieni. Mtoto mzima, ananyonya, uzito unapanda, shida ni mimi. Nalia hovyo, hata akilala mimi silali nabaki nimekodolea dari macho, halafu kuna picha inanijia eti nimemdondosha kwenye ngazi, mpaka kushuka nae naogopa. Sijamwambia mtu. Mume anasema uchovu tu. Juzi kliniki mtoto kapimwa, kachomwa chanjo, kadi ikajazwa, nesi akaita "anayefuata!" nikaondoka zangu. Nikisema si wataona nimechanganyikiwa waninyang'anye mtoto? Na dawa si ndo mwisho wa kunyonyesha?

mapacha2:
Pole mdogo wangu. Hiyo picha hata mimi niliipata, yangu ilikuwa ya beseni la kuogea, nikawa namwachia dada awaogeshe nasingizia mgongo. Nilikuja kuelezwa ni mawazo yanayojileta yenyewe, yanawapata wengi, na yanakutisha kwa sababu hutaki yatokee. Ila kulialia kwa kawaida kunaanza kama siku ya 3 hadi ya 5 na kwa wiki 2 kumeisha. Wiki ya saba shemeji atusamehe, sio uchovu.

mkunga_wa_zamu:
Nakubali kosa ni letu pia, foleni inafika mlangoni na kadi ina sehemu ya uzito wa mtoto, haina sehemu ya mama analalaje, basi tunapitiliza. Usisubiri kuulizwa. Sema mapema kabla mtoto hajawekwa kwenye mzani: "hata mtoto akilala mimi silali, nalia kila siku, naomba nipimwe". Hiyo ya kukosa usingizi mtoto akiwa amelala huwa inatushtua. Kuna dodoso la Edinburgh, maswali 10, lipo tangu 1987, dakika tano limeisha, ukifika alama 13 na kuendelea huwa tunashuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Omba na kipimo cha damu na cha thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana upungufu wa damu na shida ya thairoidi vinafanana na sonona kabisa. Kuhusu kunyonyesha, sertralini kwa mfano, dawa ya sonona, inaingia kwenye maziwa kidogo sana na wengi wananyonyesha nayo, na wengine wanapona kwa ushauri nasaha bila kidonge. Mtoto kunyang'anywa kisa mama kasema halali, mimi sijaona. Ila ukianza kusikia sauti, au siku zinapita hulali na wala husikii usingizi, au unawaza kujiua au kumdhuru mtoto na unaona kama ni sawa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo na usiende peke yako.

Baba J:
Mimi nami nilikuwa mume wa "uchovu tu" lol. Sikuelewa mpaka nilipoenda na mke wangu kwa daktari nikasikia anamjibu vitu ambavyo mimi hajawahi kuniambia. Nenda na mumeo.

tumbo_la_pili:
Naongezea kwa wajawazito, yangu ilirudi mimba ikiwa na miezi sita. Nilikuwa natumia dawa nikaziacha mwenyewe siku nilipoona mistari miwili, nikaanguka vibaya. Zipo za kubadilishwa kweli, valproate mojawapo, dawa ya kifafa na ya hisia zinazopanda na kushuka, inadhuru mtoto tumboni, lakini abadilishe daktari, na umuone mapema.

Mama Kichanga:
Kumbe na wewe beseni 😭 nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Jumatatu naenda, mume nimemwambia aombe ruhusa kazini. Nesi ni yule yule wa "anayefuata", nitaanza na usingizi kabla sijamvua mtoto nguo za kupimia.