Dawa ya kuvuta ya pumu hainisaidii tena kama zamani, nifanyeje?

MamaSalma: Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, maana nimechoka na nimeanza kuogopa.

Nina pumu tangu utotoni. Natumia salbutamoli ya kuvuta, ile ya bluu. Zamani kifua kikibana navuta mara mbili tu, baada ya dakika tano nimefunguka. Sasa yapata miezi miwili navuta mara nne, hata sita, na kifua bado kinapiga filimbi. Kila usiku lazima niamke. Kopo halimalizi mwezi. Nilipewa na ile ya steroidi, nikaiacha kwa sababu nikiivuta sioni tofauti. Je, mwili umeizoea dawa? Kuna mtu ananishauri nihamie vidonge vya salbutamoli, eti vina nguvu zaidi.

Mpumuaji: Pole sana, Mama Salma. Hapo kwenye steroidi ndipo ulipokosea, na wengi wetu tumekosea hapohapo. Ya bluu inalegeza misuli ya mirija ya hewa kwa saa nne hadi sita, basi. Uvimbe ulio ndani ya mirija haiugusi. Steroidi ndiyo inayoutuliza, polepole, kwa siku na wiki, ndiyo maana ukivuta leo husikii kitu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, haushauri mtu mzima kutegemea ya bluu peke yake. Makopo matatu au zaidi kwa mwaka tayari ni dalili ya hatari. Wewe unamaliza moja kwa mwezi!

Mfamasia wa Zamu: Vidonge achana navyo. Vinachelewa kufanya kazi kuliko ya kuvuta, na kwa kuwa vinazunguka mwili mzima, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio zaidi.

Nikuulize mawili. Unavutaje? Na je, miezi hii miwili umeanza dawa nyingine yoyote, hata isiyohusu kifua?

MamaSalma: Natikisa, nabonyeza mara mbili mfululizo, navuta. Dawa nyingine ni propranololi, nilipewa kwa ajili ya kipandauso. Ni kweli nilianza kama miezi miwili iliyopita. Sikutaja kuwa nina pumu, sikuulizwa.

Mfamasia wa Zamu: Dada yangu, hiyo propranololi! Inafunga milango ileile ambayo salbutamoli inaingilia, na yenyewe inaweza kubana mirija. Mwenye pumu hapaswi kupewa. Usiikate kimyakimya, kwa kuwa kuiacha ghafla nako kuna madhara. Mpigie daktari au nenda leo hii, si wiki ijayo, umwambie mambo mawili: nina pumu, na ya bluu imeacha kunisaidia. Ziko dawa nyingine za kipandauso. Na za maumivu kama aspirini na ibuprofeni uliza kwanza, kuna wenye pumu zinaowabana vibaya.

Kuhusu kuvuta: tikisa, toa pumzi yote, bonyeza mara moja huku ukivuta taratibu, bana pumzi hadi kumi ukiweza. Subiri nusu dakika, tikisa tena ndipo urudie. Ukipata kile kichupa cha kati cha plastiki cha kuunganisha na kopo, dawa nyingi zaidi itafika kifuani badala ya kuishia kooni. Baada ya steroidi sukutua na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Mpumuaji: Naongezea: ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikawa ya bluu, au filimbi ikanyamaza huku bado unahangaika, hiyo ni dharura. Keti wima, vuta ya bluu mara moja kila nusu dakika mpaka mara kumi, na mtu awe anaita msaada tayari. Usilale chali.

MamaSalma: Nimerudi. Daktari amenibadilishia ya kipandauso na kunirudisha kwenye steroidi asubuhi na jioni. Leo ni usiku wa tisa, nimeamka mara moja tu. Ya bluu nimevuta mbili, zikatosha. Asanteni sana.