Kereng'ende wa vuli Bagamoyo: wametoka India au wamezaliwa kwenye madimbwi yetu?

mlingotini
Habari zenu wakuu. Vuli ikishaanza, Novemba mpaka Januari hivi, kereng'ende wa manjano wanajaa Bagamoyo: viwanja vya mpira, magofu ya Kaole, juu ya mashamba ya chumvi ya Nunge. Wapo wanaosema wamevuka bahari kutoka India, na wapo wanaocheka wakisema ni wa madimbwi ya mvua tu. Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Kwanza, ushahidi ni upi, maana mdudu yule mtu hambandiki chombo cha kumfuatilia? Pili, Novemba kaskazi haijashika, mara matlai, mara shwari. Wanaletwa na nini? Tatu, klabu ya mazingira ya sekondari inataka kuwahesabu. Wafanyeje ili hesabu iwe na maana?

matlai
Pande zote mbili zina haki, mkuu, ndiyo maana ubishi hauishi.

Huyo ni Pantala flavescens, kereng'ende aliyeenea kuliko wenzake wote duniani. Mwili sentimita 4.5 hivi, mabawa yakitandazwa sentimita 7 mpaka 8, uzito kama theluthi ya gramu. Kwa uzito huo chombo cha setilaiti habebi kweli, kwa hiyo ushahidi umepatikana kwa njia nyingine.

Kuna kalenda. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyefanya kazi Maldivi, alikusanya kwa miaka mingi tarehe za kuonekana kwao na kuzichapisha mwaka 2009. Visiwa vile ni vya matumbawe, maji baridi ya juu ya ardhi ni haba mno, hivyo makundi makubwa namna ile hayawezi kuwa yamezaliwa pale. Wanatokea Oktoba, visiwa vya kaskazini kwanza, kisha vya kusini. Novemba wanaonekana kaskazini mwa Shelisheli, kilomita 2,700 kutoka India. Desemba wako Aldabra, kilomita 3,800. Zipange tarehe hizo kwenye ramani uone mstari unaelekea wapi.

Halafu kuna bawa lenyewe. Hidrojeni iliyomo ndani yake imetoka kwenye maji ya dimbwi alimokulia, na bawa likishakomaa haibadiliki tena. Maji ya mvua ya kila eneo yana kiwango chake cha hidrojeni nzito, kwa hiyo ukipima bawa unajua alikotoka. Mwaka 2012 watafiti walipima mabawa ya kereng'ende wa Maldivi, wakakuta wametoka kaskazini mwa India au mbali zaidi ya hapo.

Sasa upepo. Kaskazi unayoisikia usoni ni ya chini. Kinachowabeba ni upepo unaoambatana na ule mkanda wa mvua unaoshuka kusini kila mwisho wa mwaka, huohuo unaotuletea vuli. Maldivi mwezi Oktoba upepo wa chini bado unavuma kutoka magharibi, yaani unawarudisha India, lakini juu ya mita 1,000 umeshageuka na unatoka upande wa India. Wanapanda huko na kuuacha ufanye kazi. Bendera ya ngalawa ufukweni inakuonyesha upepo usio wao.

Na mkanda huo unakwenda na maji, kwa hiyo popote wanapoteremka wanakuta madimbwi mapya yasiyo na samaki. Hapo wanataga. Kwa makadirio ya Anderson mzunguko mzima, kuja Afrika na kurudi India kwa pepo za kusi, ni kilomita 14,000 mpaka 18,000 na unachukua vizazi vinne. Aliyeondoka siye anayerudi.

Lakini asikudanganye mtu kwamba kila kereng'ende wa manjano Bagamoyo ni Mhindi. Mkanda uleule unawasukuma pia waliozaliwa Kenya, Uganda na kwingine kaskazini yetu. Kwa macho huwezi kuwatenganisha, mpaka maabara.

bintiruvu
Matlai amesema kweli, ila aliyezaliwa jirani unaweza kumtambua, na hicho ndicho klabu ianze nacho.

Kiluwiluwi wa huyu mdudu ana haraka: kwenye maji yenye joto hukomaa ndani ya siku 38 hadi 65. Kwa hiyo andikeni tarehe ya mvua ya kwanza iliyojaza madimbwi. Kundi likitokea kabla wiki tano hazijapita, halikuzaliwa kwenye madimbwi hayo. Baada ya hapo uhakika unapotea, wageni na wenyeji wanachanganyika, na ndipo mnaanza kukagua kingo za maji. Aliyetoka majini leo anaacha gamba lake limeshika jani au kijiti, rangi ya kahawia, kavu, limepasuka mgongoni. Mwenyewe mabawa yake yanang'aa kama kioo, mwili mlaini, anaruka kwa kuyumba. Mkongwe ana mabawa yaliyochanika kingo na yenye ukungu wa kahawia, na dume huwa na wekundu mgongoni. Mabawa mabovu si cheti cha kutoka India, lakini magamba ni cheti cha kuzaliwa hapo.

Mashamba ya chumvi msiyakague kwa magamba. Maji yaliyokolea chumvi vile hayalei viluwiluwi wake. Pale wamefuata wadudu wadogo wa kula tu.

Kuhesabu: chagueni minazi miwili iliyoachana mita 10 hivi, mkae mkitazama mstari kati yake kwa dakika 10, saa 10 mpaka saa 12 jioni. Kosa linaloharibu takwimu karibu zote ni kuhesabu walio kwenye malisho. Anayekwenda na kurudi juu ya nyasi anakula, na atakatiza mstari wenu mara ishirini. Hao waandikeni "wengi", "wastani" au "wachache", basi. Tarakimu ni za wanaopita moja kwa moja, wote upande mmoja, pamoja na uelekeo wao. Andikeni pia mawingu ya juu yanakoelekea, achana na kitambaa cha mkononi cha kupimia upepo wa chini, kwa sababu aliyoitoa matlai.

Msimchanganye na Tramea, kereng'ende mwingine ambaye ana doa la wekundu ulioiva kwenye shina la bawa la nyuma. Pantala hana doa hilo, na akitua, jambo asilolifanya sana, hujining'iniza wima.

mlingotini
Asanteni sana, nimeelewa. Mbona basi wanataga kwenye boneti za magari? Pale stendi wanagonga mkia kwenye bati la gari jeusi kabisa.

bintiruvu
Mwanga unaoakisiwa na rangi nyeusi inayong'aa unafanana na ule wa juu ya maji, na jicho lake linatafuta maji kwa mwanga huo. Paneli za sola nazo zinamlaghai vilevile. Mayai yote yanakaukia hapo.

chamchanga_tanga
Naongezea upande wa ndege, maana msafara huu una wenye njaa nyuma yake. Kozi wa Amur, Falco amurensis, huzaliana kusini mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, hupita India, kisha huvuka zaidi ya kilomita 3,000 za bahari bila kutua mpaka Afrika Mashariki, akiteremka kusini mwa Afrika. Ni ndege wa gramu 150 hivi. Anavuka majira yaleyale ya kereng'ende, na Anderson aliona kwamba huenda ndio chakula chake cha njiani. Huyu chombo anabeba: Novemba 2013 watatu walifungwa vyombo vya gramu 5 huko Nagaland, India, mwaka mmoja tu baada ya wanakijiji kuwanasa kwa wingi wa kutisha palepale.

Mtazameni Novemba na Desemba mvua ikikatika na kumbikumbi wakitoka. Dume ni kijivu cha kuiva, miguu ya rangi ya chungwa, mapaja mekundu, na chini ya bawa mbele ni peupe kabisa. Weupe huo ndio wa kuangalia. Jike ana madoa tumboni, wengi wanamkosea.

Na kwa kuwa klabu itakuwa Nunge, wahesabu pia sululu na vichamchanga waliotoka Siberia. Maji yakipwa ndege wanatawanyika matopeni, hesabu yenu itakuwa bure. Wanakusanyika kwenye mashamba ya chumvi bamvua linapojaa. Tatizo la pwani yetu ni kwamba siku ya mwezi mpevu maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri bado giza, na alasiri jua liko magharibi, linawachoma macho mkitazama bara. Subirini siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu: maji bado ni makubwa na yanajaa saa 12 mpaka saa 1 asubuhi, jua mgongoni. Hakikisheni saa kwenye jedwali la maji, fikeni dakika 40 kabla, na msitembee juu ya matuta, wakiruka mara moja hamtajua nani mmeshamhesabu.