Tupeane uzoefu: kasa, pweza na nyangumi wa taka za ufukweni

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu sisi tunaookota kandambili, vizibo na nyavu zilizochanika na kuzigeuza viumbe wa baharini. Wengi wetu hamu hii tuliipata Lamu: ama kwa akina mama wa Kiunga, walioanza kuchonga kandambili zilizoletwa na maji mwishoni mwa miaka ya 1990, ama kwa Flipflopi, lile jahazi la plastiki lililovishwa kandambili zipatazo 30,000, ambalo mwaka 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Sifa za kazi zetu tunazijua. Ningependa tuelezane tulipokosea.

Naanza mimi. Niliagizwa ng'amba, aina ya kasa, wa kutundikwa kwenye ukumbi wa hoteli moja, na kwa kuwa maji ya kunywa kwetu ni ya kununua, kandambili zote nilizisuuza kwa maji ya bahari. Chumvi ikabaki ndani ya vitundu vya mpira, gundi ikakosa pa kushika, na wiki ya tatu gamba likaanza kubanduka kipande baada ya kipande mbele ya wageni. Siku hizi ninaziloweka siku mbili kwenye maji ya mvua, ninazisugua kwa sabuni na brashi ya nguo, kisha ninazianika kivulini, maana jua kali huzikunja. Mchanga nao usipoutoa wote, kisu hakimalizi siku.

*

Niko Kilifi. Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko hilo, nami sikuliona kwa muda mrefu. Nilikuwa nikisugua sanamu kwa msasa nje ya banda, hatua chache kutoka majini, na upepo wa kusi ukipeperusha ule unga wa rangi rangi. Kwa hiyo taka niliyoiokota ikiwa nzima nilikuwa nikiirudisha baharini ikiwa chembe ambazo hakuna mkono utakaoziokota tena. Sasa ninasugua ndani, juu ya kitambaa chenye maji, na unga wote ninaushindilia tumboni mwa nyangumi ninayemtengeneza. Mnunuzi haoni, lakini mimi ninajua umo.

*

Mimi ni wa Tanga, na kwangu gundi haina nafasi; ninafunga kwa mshipi wa kuvulia samaki tu, ili kitu kikichakaa kifumuliwe na kila aina ya plastiki iende kwake. Pweza wangu ana mikono ya jarife (wavu wa kuvulia) kuukuu na kichwa cha boya. Siku moja mzee mmoja mvuvi alisimama akaligeuza lile boya, akaonyesha alama tatu alizozikata kwa kisu, akasema, "Mwanangu, hili ni langu, lilikatika mwaka jana." Nikataka kumrudishia. Akakataa, ila tangu siku hiyo jarife lake likichanika hulileta bandani kwangu badala ya kulitupa mwambani.