Tupeane uzoefu: RAM na SSD za kasi, mbona mashine bado nzito?

fundi_Ntinda (Kampala)
Wakuu, salamu. Watu wanajinyima hadi wanapata RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kasi ya 3200 na SSD ya NVMe (aina ya kasi kuliko SATA), halafu mashine inakwenda mwendo ule ule wa zamani. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila kasi haijawashwa. Kila mwenye ujuzi alete anachokijua kwa hakika.

Naanza na RAM. RAM nyingi za kizazi cha DDR4 za 3200 CL16 (CL ni mapigo ya kusubiri kabla RAM haijajibu) ukizichomeka tu huanza na 2133 au 2400. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka) kwa Delete au F2, washa XMP, yaani kasi iliyopangwa na mtengenezaji wa RAM (bodi za ASUS za AMD huandika DOCP, na kwa DDR5 za AMD ni EXPO), kisha F10 kuhifadhi. Windows ikiwaka, fungua programu ya CPU-Z upande wa Memory. Ukiona DRAM Frequency karibu na 1600 uko sawa, maana DDR hupeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa: 1600 mara 2 ni 3200. Na usinunue RAM kabla ya kuijua bodi. Bodi ya H310 inakomea 2666 hata uichomeke ya 3600.

mdau_Mbale
Naongezea sloti. Bodi ikiwa na sloti nne na wewe una stiki mbili, ziingie ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, yaani A2 na B2. Zikikaa A1 na A2 zinatumia njia moja tu: GB 25.6 kwa sekunde badala ya 51.2, kwa DDR4 3200. Mwenye Ryzen 5 5600G bila kadi ya picha ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu picha zinachota RAM hiyo hiyo. Kwa mashine hiyo, 8GB mbili ni bora kuliko 16GB moja.

Jinja_bodi
Msidanganywe na namba kubwa peke yake. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi. 3200 CL16 ni nanosekunde 10. 3600 CL18 ni 10 vile vile. 3200 CL22 ni 13.75. DDR5 6000 CL30 inarudi kwenye 10, ila inabeba mzigo mkubwa zaidi kwa wakati mmoja.

mwenge_Arua
Upande wa SSD, umbo la M.2 halimaanishi NVMe. Nyingi zenye mapengo mawili kwenye meno ni SATA, na hizo huishia MB 550 hivi kwa sekunde. NVMe ya PCIe 3.0 yenye njia nne hufika 3500 hivi, ya 4.0 hufika 7000. Soma kitabu cha bodi pia: kwenye bodi kadhaa ukijaza M.2, bandari moja au mbili za SATA zinazimika, na mtu anadhani diski yake ya zamani imekufa.

Wakati wa kufunga, SSD huingia kwa mshazari, kisha unailaza na kukaza skrubu taratibu. Bandua ile plastiki nyembamba iliyo kwenye pedi ya kipoza joto. Ikibaki, joto halipiti, na SSD ikikaribia nyuzi 80 inajipunguza kasi yenyewe. Huku kwetu kunakochemka, hilo ndilo la kuangalia kwanza.

Jinja_bodi
Kabla ya kulipa, omba muuzaji afungue programu ya CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa ambazo diski imewashwa. SSD "mpya" yenye mamia ya saa za kuwashwa si mpya. Ukubwa upime kwa programu ya H2testw, au f3 kwa wenye Linux. Inajaza diski yote kisha inasoma tena kila ilichoandika. Ya bandia hukubali data na kuipoteza ikishapita ukubwa wake halisi. Zile za USB zinazodai 16TB kwa bei ya chakula cha mchana, ziache dukani.

fundi_Ntinda (Kampala)
@mwenge_Arua asante sana, ndugu. Tuje kwenye umeme. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza huacha skrini nyeusi kwa dakika kadhaa ikijipima. Usizime. Iunganishe mashine na UPS (betri ya akiba) kabla, umeme usije ukakatika katikati. Na kwenye Windows, sifa za diski, kile kisanduku cha kuzima "write-cache buffer flushing" kiache kitupu. Kukitia alama kunaongeza kasi kidogo sana, lakini umeme ukikatika faili zinaharibika.

mdau_Mbale
Ukiwasha XMP, pitisha kipimo cha RAM cha MemTest86 kwa flashi, mizunguko minne. Kosa likitokea hata moja, shuka hadi 3000 upime tena. Bado makosa? Toa stiki, pima moja moja. Meno yakiwa na vumbi, yafute kwa spiriti ya isopropili na kitambaa laini. Kifutio cha penseli kinakwangua dhahabu.