Naomba ushauri: je, duka letu la Houston liwalenge pia wateja Walatino?

MamaDuka_Houston:
Ndugu zangu, salaam. Mimi na mume wangu tuna duka la vyakula vya Kiafrika kusini-magharibi mwa Houston, na wateja wetu wengi ni Watanzania, Wakenya na Wakongo. Majirani zetu, hata hivyo, wengi ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Huingia wakachagua mihogo na ndizi za kupika, wakalipa, wakaondoka bila kuzitupia macho rafu nyingine. Mume wangu anaona mtaji wetu ni mdogo mno kuutawanya kwa watu tusiowajua vizuri. Mimi naona tunawaacha wateja waliokwisha kufika mlangoni. Mnatushauri nini?

Mhasibu_Dallas:
Dada, nakuunga mkono. Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1 nchini Marekani, na zaidi ya nusu ya ongezeko la watu tangu sensa ya 2010 lilitokana na wao. Hapa Texas walikuwa asilimia 39.3, huku Wazungu wasio Walatino wakiwa asilimia 39.7. Fiesta Mart, kampuni ya maduka makubwa ya vyakula iliyoanzishwa hapo hapo Houston mwaka 1972, ilikua kwa kuwahudumia wateja hao. Ukiwa na duka Houston ukawaacha, utakuwa umeliacha soko lenyewe.

Binti_Pangani:
Nakubali, ila naomba msiwachukulie kama watu wa aina moja. Mmeksiko, Msalvador na Mkolombia hawali chakula kile kile, na Mbrazili huzungumza Kireno. Zaidi ya hayo, Walatino wengi wa nchi hii wamezaliwa humu humu. Bibi atafurahia kibao cha Kihispania, lakini mjukuu aliyemsindikiza huenda anasoma Kiingereza kwa wepesi zaidi. Andikeni lugha zote mbili, na mkipata nafasi ya kuajiri, mchukueni kijana wa mtaa huo badala ya kutegemea tafsiri ya simu, kwa sababu mteja hutambua mara moja kama ameheshimiwa au amebandikiwa maneno tu.

Mpishi_wa_Texas:
Shemeji yetu asihofu mtaji, kwa kuwa bidhaa nyingi mnazo tayari. Ukwaju huo mnaouweka karibu na pilipili manga, Wameksiko hutengenezea kinywaji baridi, na maua makavu ya rozela ndiyo wanayoyaita jamaica. Yasogezeni yote karibu na mihogo, pamoja na nazi na maharage mekundu, ambayo Wasalvador huyapenda sana. Jambo moja tu: msimwuzie mtu sembe yetu kwa ajili ya tortilla, ile mikate yao myembamba ya mahindi mfano wa chapati. Mahindi ya tortilla huchemshwa kwanza kwa maji ya chokaa ndipo yasagwe. Kwa sembe ya kawaida kinyunya hakishikamani, na mteja huyo hatarudi.

MamaDuka_Houston:
Nashukuru sana. Mume wangu amesoma yote. Anauliza iwapo wateja wetu wa zamani hawatajiona wamesahauliwa.

Binti_Pangani:
Dagaa, sembe na majani ya chai visiguswe mahali vilipo. Tumieni rafu ile ya mihogo pekee, na kabla ya kuagiza kitu kipya waulizeni wanaokuja kununua ndizi ni bidhaa gani wanaifuata mbali.